Sura ya Sita: Dampa Hufa Kimya

Mbele kabisa ya injini ya lori, nyuma ya feni, kuna sahani nene ya chuma iliyopakwa rangi nyeusi. Taniboi huiona kila alfajiri anapopima maji na oili, wala haimshughulishi. Haina bomba, haina waya, haitiwi oili wala grisi. Jina lake ni dampa, lakini mafundi wengi huiita puli ya kranki, kwa kuwa kwenye injini nyingi mkanda hupita juu yake au juu ya puli iliyofungwa nayo pamoja, na huitunza kama puli: mkanda usipoteleza wanaridhika. Puli ikichakaa mkanda hulia na dereva husikia. Dampa ikifa hakuna anayesikia kitu, mpaka siku kranki inapokatika vipande viwili mahali fulani kati ya Nimule na Nesitu, mzigo uko juu na jua linazama.

Tuanze na kinachotokea ndani. Malori mengi ya mizigo mizito yanayoingia Juba yana injini ya silinda sita zilizopangwa mstari mmoja. Injini hiyo huchoma mafuta mara tatu katika kila mzunguko wa kranki, kwa hiyo ikizunguka mara 1,500 kwa dakika, kranki hupigwa mara 75 kwa sekunde. Kila pigo ni mzigo wa zaidi ya tani kumi unaoshuka juu ya pistoni moja, ukapita kwenye konrodi hadi kwenye kiwiko kimoja cha kranki. Kiwiko hicho hutaka kukimbia kabla ya wenzake, huku flaiwili iliyoko mwisho wa nyuma, kwa uzito wake, ikigoma kuharakishwa. Kranki basi hujisokota kama kanga inayokamuliwa na watu wawili walioshika ncha zake, kisha hujisokotoa. Msokoto wenyewe ni mdogo mno, jicho haliwezi kuuona, na kwenye kasi nyingi hauna madhara yoyote. Chuma kimetengenezwa kuuvumilia.

Shida ni kwamba kila kranki ina mdundo wake wa asili, unaotokana na urefu wake, unene wake na uzito wa vitu vilivyofungwa juu yake. Kuna kasi ambazo mapigo ya silinda hulingana na mdundo huo. Hapo kila pigo jipya hukuta kranki ikiwa tayari inaelekea upande uleule, ikasukumwa zaidi, na zaidi. Msokoto hukua. Sehemu inayochezacheza kuliko zote ni pua ya mbele, iliyo mbali na flaiwili, na ndiyo maana dampa hufungwa pale na si kwingine. Bila dampa, ufa mdogo huanza kwenye kona ya kiwiko au kwenye tundu la oili, ukatambaa kwa mshazari. Fundi mzoefu akishika kranki iliyokatika kwa mshazari wa nyuzi 45 hivi, hatafuti beringi iliyoungua. Kranki hiyo haikukosa oili. Ilisokotwa hadi ikachoka.

Watengenezaji wa magari walikutana na jambo hili mwanzoni mwa karne ya 20, walipoanza kurefusha injini kutoka silinda nne hadi sita na kranki zikawa zinakatika bila sababu iliyoonekana. Mwingereza Frederick Lanchester alisajili hataza ya dampa yake mwaka 1910. Hata baada ya hapo somo lilijirudia kwa wenye haraka: Mei 1929 ile meli ya angani ya Wajerumani, Graf Zeppelin, ilikuwa njiani kwenda Marekani ikapoteza injini nne kati ya tano, ikatua kusini mwa Ufaransa kwa msaada, na lawama zikaangukia mtetemo huohuo wa kujisokota kwenye kranki.

Dampa inayotumika sana kwenye malori ya leo ni ya silikoni. Ndani ya kasha la chuma lililofungwa kabisa mna pete nzito ya chuma ambayo haikushikanishwa na chochote. Kati ya pete na kasha kuna nafasi nyembamba, chini ya milimita moja, iliyojazwa majimaji ya silikoni mazito kuliko oili ya injini mara mamia na hata maelfu. Injini ikizunguka taratibu bila kutetemeka, pete na kasha huenda pamoja. Kranki ikianza kujisokota huku na huku, kasha linalofuata kranki hutetemeka nayo, lakini pete kwa uzito wake hukataa, huendelea na mwendo wake wa sawasawa. Silikoni iliyobanwa katikati inakatwakatwa, inapinga, inapata moto. Nguvu ya mtetemo inageuka joto, joto linatoka kwenye kasha na kupeperushwa na upepo wa feni. Hiyo ndiyo kazi yote ya dampa.

Na hapo ndipo kifo chake kilipo. Silikoni inayokatwakatwa na kuchemka kwa miaka hubadilika. Huanza kuwa nzito zaidi, kisha ikawa kama jeli isiyotiririka, na mwishowe ikakauka kama mpira, ikaishika pete kwenye kasha. Tangu siku hiyo dampa ni uzito tu ulioongezwa kwenye pua ya kranki, na kwa kuongezwa uzito mdundo wa asili wa kranki umehama kutoka pale mhandisi alipouweka. Kwa nje hakuna kilichobadilika. Rangi ni ileile, bolti ni zilezile, mkanda unazunguka.

Sasa tuje Juba.

Barabara ya kutoka Nimule hadi Juba, kilomita 192, ndiyo barabara kuu ya kwanza ya lami kuunganisha Sudan Kusini na majirani. Ilijengwa kwa fedha za Marekani na kukamilika mwaka 2012, mwaka mmoja baada ya uhuru, na safari iliyokuwa ikila siku nzima ikawa ya saa tatu hivi. Tangu hapo karibu kila kitu kinacholiwa, kinachojengewa na kinachochomwa Juba hupita hapo: saruji na mabati kutoka Uganda, unga, bia, na dizeli yenyewe, kwa kuwa nchi hii yenye visima vya mafuta husafirisha mafuta ghafi kwa bomba kwenda Port Sudan na kununua mafuta yaliyosafishwa kupitia Mombasa. Tanki la dizeli hutoka Kenya, hupanda hadi Timboroa, mita zaidi ya 2,700 juu ya bahari, huteremka hadi Malaba, huvuka Uganda nzima hadi Elegu, huvuka mpaka, hushuka hadi Juba iliyo chini ya mita 600, katika joto ambalo Februari na Machi hukaribia nyuzi 40. Lori la kontena la kutoka bandarini huwa limetembea zaidi ya kilomita 1,500 kabla dereva hajaliona daraja la Mto Naili.

Safari hiyo ina mambo matatu ambayo dampa haiyapendi. La kwanza ni milima. Dereva anayeng'ang'ania gea kubwa mlimani ili aokoe dizeli, injini ikigugumia kwa mizunguko 1,000, anaipa kranki mapigo mazito zaidi kwa kasi ya chini. Injini mpya zimetengenezwa kuvuta hivyo na dampa zake zimepimwa kwa kazi hiyo. Injini ya zamani iliyofunguliwa pampu ili ipate nguvu zaidi haikupimwa. Kila gereji ya njiani ina fundi anayejua kufungua pampu, na sijawahi kusikia mmoja wao akimuuliza mwenye lori kuhusu dampa.

La pili ni mafuta machafu. Dizeli iliyochanganywa na mafuta ya taa ilisumbua ukanda huu kiasi kwamba Septemba 2018 Kenya iliweka ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili kuua faida ya kuchanganya. Mafuta mabaya huharibu nozeli. Silinda moja ikichoma vibaya, mpangilio wa mapigo unavurugika: kranki iliyozoea mapigo sita yanayolingana sasa inapigwa matano mazito na moja dhaifu, na mtetemo unaozaliwa hapo ni wa aina ambayo dampa haikuundwa kuumeza. Dereva anasikia injini inamiss, anavumilia hadi Juba kwa kuwa Elegu fundi ni ghali. Anadhani anaumiza pistoni moja tu.

La tatu ni jambo nitakalolizungumzia kwa kirefu, kwa sababu ndilo linalowapotosha hata wenye malori makini. Ni hesabu ya muda.

Vibratech, kampuni ya Marekani inayotengeneza dampa hizi, inashauri dampa ya silikoni ya lori zito ibadilishwe kila maili 500,000, yaani kilomita 800,000 hivi, au kila saa 15,000 za injini, lolote litakalotangulia. Gawanya hizo kilomita kwa hizo saa upate kilomita 53 kwa saa. Hiyo ni kasi ya wastani ya lori linalokwenda kwenye barabara kuu za Marekani, pamoja na kusimama kwake. Mwenye lori wa Juba anayesoma ushauri huo anashika ile namba ya kilomita, anaangalia mita yake inayosema laki tatu, anafunga daftari.

Nenda upande wa mashariki wa mto, Gumbo, ambako malori ya Nimule hupumzika kabla ya kuvuka kuingia mjini, au kwenye gereji yoyote ya Jebel, utasikia mazungumzo ya namna hii kati ya fundi na dereva:

"Bosi, lori limetembea kilomita ngapi?"

"Mita inasema laki tatu na kidogo."

"Na mita ya saa?"

"Hiyo sijawahi kuangalia, fundi. Kwani iko?"

Iko. Kwenye injini za kompyuta saa zote za maisha ya injini zimehifadhiwa kwenye kisanduku chake, hata saa ilizounguruma imesimama, na mashine ya kusoma kodi za hitilafu huzitoa kwa dakika moja. Sasa chukua lori la magurudumu sita yanayovuta lililonunuliwa kupeleka chakula cha msaada Bor, Rumbek au Bentiu. Likienda kwa wastani wa kilomita 20 kwa saa, na kwenye udongo mweusi hiyo ni kasi ya siku njema, saa 15,000 zinatimia likiwa limetembea kilomita 300,000 tu. Ile laki tatu iliyomtuliza dereva ndiyo iliyopaswa kumwamsha.

Hesabu haiishii kwenye kutembea. Malori hupanga foleni Elegu, hupanga tena Nimule, na dereva huacha injini ikinguruma ili apate upepo wa kiyoyozi au kwa kuhofia betri haitawasha tena. Tanki likipakua kwa pampu ya lori, injini inafanya kazi na kilomita zimesimama. Ni kweli kwamba saa moja ya kunguruma tupu haichoshi silikoni kama saa moja ya kupanda Timboroa, na sitaki mtu atupe dampa nzima kwa sababu lori lililala foleni siku mbili. Lakini nyongeza hizo zote zikiingia kwenye daftari, picha ya lori hugeuka kabisa.

Kinachonishangaza ni kwamba Juba inajua kuhesabu saa kuliko miji mingi ya Afrika Mashariki. Baada ya uhuru mji huu uliishi miaka mingi kwa jenereta, hoteli kwa hoteli, ofisi kwa ofisi, hadi mtambo wa megawati 33 ulipowashwa Novemba 2019, na jenereta hazijaondoka hata sasa. Mlinzi wa kiwanja chochote atakuambia jenereta yao imefika saa ngapi tangu imwagwe oili, kwa sababu imebandikwa karatasi: saa 250, badilisha. Injini ya jenereta kubwa ni ndugu wa injini ya lori, mara nyingi ni ileile, yenye dampa ileile. Fundi mmoja akiwa kwenye jenereta anauliza saa, akivuka ua hadi kwenye lori anauliza kilomita. Saa ndiyo lugha ya dampa kwenye injini zote mbili.

Kuna malori ambayo hata saa zake hazijulikani. Sehemu kubwa ya malori ya ukanda huu yaliishi maisha yake ya kwanza Ulaya kabla ya kupandishwa meli. Mita ya kilomita imebadilishwa pamoja na dashibodi, kisanduku cha injini kimetolewa kwenye lori jingine, na daftari la huduma, kama lipo, limeandikwa kwa Kijerumani au Kiholanzi na lina kurasa tatu. Kwa lori la namna hiyo hakuna hesabu ya kufanya. Dampa ihesabiwe imekwisha.

Je, haiwezi kupimwa? Inaweza, kiasi. Lakini vipimo vingi hugundua dampa iliyojeruhiwa kwa nje na si iliyokauka ndani, na fundi asiyejua tofauti hiyo atampa mwenye lori hakikisho la uongo. Kipimo cha kwanza ni macho. Futa tope na mafuta kwenye uso wa dampa kwa kitambaa chenye dizeli kidogo, kisha tafuta pale kasha lilipofungwa kwa kukunjwa au kuchomelewa: matone ya kitu kizito kinachong'aa, yasiyonuka mafuta, yaliyokusanya vumbi kwa mstari wa kutoka katikati kwenda ukingoni. Hiyo ni silikoni inayovuja, na mjadala umekwisha. Tafuta pia sehemu iliyobonyea. Kwa kuwa nafasi iliyo ndani ni nyembamba kuliko ukucha, kibonyeo kidogo cha nyundo kinatosha kulibana kasha dhidi ya pete. Nimeona mafundi wakizungusha injini kwa kuchomeka chuma kati ya bolti za dampa na kukikandamiza kwa nguvu. Ni njia ya haraka ya kuua dampa mpya.

Kipimo cha pili ni cha maikromita. Kwangua rangi sehemu nne ukingoni mwa dampa, zilizo mbali sawa, upime unene wa kila moja. Miongozo ya Cummins inaweka kikomo cha tofauti ya robo milimita. Ikizidi hapo, kasha limevimba au limepinda, na dampa haifai. Kisha weka geji ya saa mbele yake, zungusha injini kwa spana taratibu, uone kama inayumba. Kuna pia kipimo cha joto kwa dampa iliyotolewa: hupulizwa unga mweupe wa kutafutia nyufa, ikawekwa kwenye joto la nyuzi 93 kwa saa mbili, upande wa mkunjo ukitazama chini, na silikoni inayovuja huchora alama yake kwenye unga. Gereji za Juba zenye tanuri la kulinganisha joto hivyo ni chache, na sishauri mtu aitupie dampa kwenye jiko la makaa.

Wako wanaoitikisa mkononi. Ikigonga ndani, silikoni imekimbia na umejua ukweli. Isipogonga hujajua lolote, maana dampa mpya haigongi na dampa iliyokauka haigongi pia.

Malori ya kati, zile Fuso na Isuzu zinazosambaza soda na saruji ndani ya mji, mara nyingi hutumia dampa ya aina nyingine: kitovu cha chuma na pete ya chuma vilivyounganishwa kwa mpira. Hii angalau husema. Mpira hupasuka, huvimba kwa oili inayovuja kutoka kwenye sili ya mbele, au hutoka nje ya mfereji wake. Nyingi zina mistari miwili iliyochorwa, mmoja kwenye kitovu na mmoja kwenye pete, na ilipotoka kiwandani ilikuwa inatazamana. Kikomo cha Cummins kwa injini zake za ukubwa wa kati ni milimita 1.6 hivi. Mistari ikiachana zaidi ya hapo, pete imeteleza na dampa itupwe. Ni ukaguzi wa dakika mbili, unaohitaji tochi na kitambaa, na taniboi yeyote anaweza kufundishwa.

Dalili za dampa iliyokufa hujitokeza kwenye vifaa vingine, ndiyo maana husingiziwa wengine. Bano la alteneta linapasuka, linachomelewa, linapasuka tena palepale. Bolti za mbele ya injini zinalegea kila mwezi. Gea za taimingi zinaanza kulia, kompresa ya upepo inakufa kabla ya wakati, giaboksi inagonga kwenye kasi fulani na kunyamaza ukiongeza mwendo. Fundi wa umeme anabadilisha alteneta, fundi wa gea anafungua giaboksi, kila mmoja analipwa. Meneja wa malori anayeweka daftari moja kwa kila lori, badala ya risiti zilizotawanyika, ndiye ataona kwamba vifaa vitatu vya mbele vimevunjika ndani ya miezi mitatu na kwamba chanzo ni kimoja. Hilo ndilo jambo ambalo kampuni yenye malori hamsini hujua na mwenye lori moja anaweza kulijua pia kwa kalamu ya senti chache.

Kubadilisha dampa si kazi kubwa ikifanywa gerejini. Feni na mikanda hutolewa, bolti hufunguliwa, dampa ya zamani hutoka, mpya huingia. Ugumu uko kwenye adabu ya kazi. Uso wa kranki na uso wa dampa lazima viwe safi na vikavu, bila rangi, bila tone la oili, kwa sababu kwenye injini nyingi kinachoshikilia dampa ni msuguano wa nyuso hizo mbili na si zile bolti peke yake. Bolti nyingi za siku hizi hukazwa kwa kipimo kisha zikazungushwa nyuzi kadhaa za ziada, zikavutika, na hazirudiwi: nunua mpya. Zikaze kwa spana ya kipimo, kwa mpangilio wa mshazari, na usikubali fundi akuambie mkono wake unajua. Dampa ya mpira haivutwi kwa puli-vuta iliyoshika pete ya nje. Na hakuna dampa ya aina yoyote inayochomelewa, hata kidogo, hata kwa "kupoint" tu.

Ununuzi ndio wenye mitego. Spea za malori ya Juba kwa kawaida hutoka Kampala, soko la Kisekka likiwa maarufu kuliko yote, au Nairobi, kwenye maduka ya Barabara ya Kirinyaga na Eneo la Viwanda, na hulipwa kwa dola kwa kuwa pauni ya Sudan Kusini hushuka kabla basi halijafika. Kisekka utapata dampa za mtumba zilizofunguliwa kwenye injini zilizokufa. Beringi ya mtumba unaweza kuizungusha kidoleni ukaamua, pampu ya mtumba unaweza kuifungua. Dampa ya silikoni ya mtumba ni kifurushi kilichofungwa: unanunua saa ambazo mtu mwingine ameshazitumia na hakuna namna ya kuziona. Bei yake nafuu haina maana.

Dampa mpya nayo inunuliwe kwa namba ya kifaa, si kwa kupimisha mashimo. Injini mbili za jina moja, moja ya nguvu farasi 360 na nyingine ya 440, zinaweza kuwa na dampa zenye kipenyo sawa na mashimo yanayolingana, lakini pete zenye uzito tofauti. Dampa ya injini ya kwanza itaingia kwenye injini ya pili bila kulalamika na itamlinda mwenye lori dhidi ya mtetemo ambao injini yake haina. Muuzaji akikuambia zote ni moja, mwombe akuonyeshe namba zote mbili. Na sanduku lenye nembo ya kampuni kubwa halitoshi kuwa ushahidi. Pima uzito, linganisha namba iliyochongwa kwenye chuma na ile ya kwenye sanduku, na ukiweza nunua kwa wakala.

Wenye malori wengi huona gharama hapa na kurudi nyuma. Dampa mpya ya lori zito ni mamia ya dola. Kranki ni maelfu, na kranki ikikatika haiji peke yake: huenda na bloku, beringi, mara nyingine na konrodi zilizotoboa ukuta wa injini. Wakati mzuri wa kutumia yale mamia ni siku injini inafanyiwa ovaholi, mbele ya injini ikiwa tayari imefunguliwa na kazi ya ziada ikiwa karibu na bure. Nimeona injini zikifungwa pistoni mpya, slivu mpya, beringi mpya na gasketi mpya, kisha dampa ileile ya zamani ikafutwa kwa kitambaa na kurudishwa mahali pake. Hiyo ni nusu ya ovaholi iliyolipiwa bei nzima.

Gharama nyingine haimo kwenye risiti. Aprili 2021 madereva wa Afrika Mashariki waligoma kuvuka Elegu baada ya wenzao kuuawa kwenye barabara za Sudan Kusini, na tangu hapo hofu haijaisha. Lori linaloharibika giza likiingia linamwacha mtu na taniboi wake kando ya barabara wakilinda mzigo wasio na uwezo wa kuulinda. Msimu wa mvua ukifika, sehemu kubwa ya nchi haifikiki kwa barabara, na lori lililokwama kaskazini kwa kranki iliyokatika huenda lisipate wa kulivuta mpaka ardhi ikauke. Mashirika ya misaada, WFP mbele yao, hukimbizana na muda kuanzia Desemba hadi Aprili kupeleka akiba ya chakula kabla njia hazijafunga. Meneja wa msafara wa namna hiyo anayeruhusu lori lenye saa zisizojulikana litoke Juba Machi anacheza na ratiba ya watu wengine.

Kwa hiyo, mwenye malori, fanya hivi wiki hii. Chukua daftari, andika namba ya kila lori, kilomita zake na saa za injini yake, na mwaka dampa ilipobadilishwa. Penye lori ambalo safu ya mwisho haina jibu, agiza dampa kwa namba yake, pamoja na bolti zake, na uifunge kabla ya mvua za Aprili.